Pikipiki ya Mbio na Umande wa Chilangala

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika jembe wala mche. Nilishikishwa baiskeli. Nilikuwa nimeripoti ofisi ya kilimo Masasi nikiwa na cheti kipya na sketi iliyopigwa pasi, na Bwana Shamba Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitishia mkutano, hakuuliza hata nimetoka chuo gani. Alinitoa nje akanionyesha baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

"Zunguka jengo mara moja nikuone."

"Shikamoo, mzee. Lakini nimevaa sketi."

"Marahaba. Wakulima wako Lisekese, hawako hapa ofisini. Sketi itazoea. Breki ya nyuma haina, ya mbele inakamata ikijisikia."

Nilizunguka. Nilipofika mbele yake breki haikujisikia, nikasimama kwa kukumbatia nguzo ya baraza. Akasema nimefaulu, na kesho yake nikaenda Lisekese.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi sasa, kwa hiyo niseme kwanza kazi yetu ilikuwa nini. Iliitwa ugani, yaani kumfuata mkulima shambani kwake badala ya kumsubiri ofisini. Mwanamume aliyeifanya aliitwa Bwana Shamba, mwanamke Bibi Shamba. Kufundisha kulikuwa sehemu ndogo ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ilikuwa kufika. Ndiyo maana bosi wangu wa kwanza alinipima kwa baiskeli, na ndiyo maana miaka mingi baadaye nilijikuta nikiumiza kichwa juu ya pikipiki nyekundu ya mbio.

Zao letu lilikuwa korosho. Adui wake mkubwa ni ubwiriunga, ukungu mweupe unaokaa juu ya majani machanga na maua kama mtu aliyemwaga unga. Ua likishikwa linakauka, na ua lililokauka halizai korosho. Dawa tuliyokuwa nayo ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa pampu ya injini inayobebwa mgongoni. Unaelekeza mdomo wa bomba juu, unaizunguka mikorosho, na wingu la njano linapanda mpaka kileleni.

Lakini salfa ina masharti. Inapulizwa alfajiri, wakati umande bado uko kwenye maua. Umande unaushika unga kama gundi. Jua likipanda upepo unaamka, na salfa yako inakwenda kwa jirani ambaye hata hakukuomba. Mtaalamu anayefika saa tatu asubuhi anaweza kusalimia watu, akala muhogo wa kuchoma, akarudi kwake. Kazi ya siku hiyo imeshapita.

Kutoka Masasi nilihamishiwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, nikapewa kata ya Chilangala. Mume wangu, Baba Sijali, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye akapata uhamisho, tukapanga nyumba Newala mjini. Hiyo ndiyo miaka ya soko huria. Nakumbuka jinsi mambo yalivyogeuka. Madukani vitu vilijaa: redio, vitambaa, vipuri vya kila aina, baiskeli zikiwa bado na karatasi. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na mizani zao wakaketi chini ya maturubai. Ofisini kwetu, kinyume chake, vitu vilipungua. Gari letu liliwekwa juu ya mawe, pikipiki ya ofisi ikafuata, na wenzetu kadhaa wakapunguzwa kazini.

Mwanzo wa msimu mmoja, Afisa Kilimo wa Wilaya alituita. Alikuwa mtu mpole aliyependa kufuta miwani yake kabla ya kusema jambo gumu. Siku hiyo aliifuta muda mrefu.

"Hakuna petroli ya kumpeleka mtu kwenye maua," akasema. "Msimu huu, atakayefika shambani kabla umande haujakauka ndiye atakayebaki na kata yake. Asiyefika nitamrudisha kwenye kitalu cha miche hapa mjini, na kata yake nitampa mwingine. Namna ya kufika ni juu yenu."

Kwa baiskeli, kwenye ule mchanga wa kwenda Chilangala, nilikuwa nafika jua likiwa limeshachangamka.

Kitalu chenyewe sikukiogopa. Nilimwogopea Mama Asumini. Alikuwa mjane wa Chilangala, mwenye shamba lililoachwa na mumewe, miti imesongamana hadi matawi yameshikana mikono. Mikorosho iliyobanana hivyo haipati jua wala upepo, na ubwiriunga unaipenda sana. Nilimwambia akate mti mmoja kati ya kila miwili, ile inayobaki aipogoe, kisha tupulize salfa misimu miwili mfululizo. Kijiji kizima kilimcheka. Shemeji yake alikuja kumwambia anaikata kazi ya marehemu. Mama Asumini alikata hata hivyo, kwa neno langu. Msimu wa kwanza miti ilitoa majani tu, kama kawaida ya mti uliopogolewa sana. Msimu huu wa pili ndio uliotakiwa kuonyesha. Kama ningeondoka sasa na maua yakaungua, angebaki na nusu ya shamba na kicheko chote.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Masasi kuna pikipiki inauzwa bei isiyozidi sana baiskeli mbili mpya, nilipanda lori siku ya Ijumaa mchana, baiskeli yangu ikiwa juu ya magunia.

Muuzaji alikuwa Bwana Namkoma, kijana mnunuzi wa korosho. Aliiondolea turubai kama mtu anayefunua bibi harusi. Ilikuwa nyekundu, imevikwa plastiki ubavuni, usukani uko chini, kiti cha nyuma kimenyanyuka, bomba la moshi nalo limepanda juu likielekea mkiani. Iliingia nchini ikiwa imeshatumika, na haikuwa changa.

"Mama Sijali," akasema, "hii siyo pikipiki. Hii ni ndege iliyokatwa mabawa."

"Kwa nini unaiuza?"

"Nimeoa."

"Mkeo haipendi ndege?"

"Mke wangu anapenda kuona gunia linafika nyumbani. Hii haibebi gunia."

Nilimwomba tuipeleke kwa Fundi Dadi, aliyekuwa na kibanda cha mabati jirani na soko. Fundi Dadi alikuwa mtu wa kueleza, kama mimi, ndiyo maana tulipatana. Alichotufundisha asubuhi ile ya Jumamosi kinafaa hadi leo. Alipaka mafuta ya injini kidoleni akayasugua, maana yakiwa na chembe za chuma, ndani kuna kitu kinaliwa. Aliivuta cheni kwa nyuma pale inapokalia meno. Ikiachia nafasi, imechoka. Alipitisha ukucha kwenye mistari ya tairi kutafuta nyufa. "Tairi linazeeka hata likiwa limelala," akasema. Kisha akaiwasha, akafumba macho, akasikiliza.

"Injini nzima," akasema. "Wala sitakudanganya, ni nzuri kuliko nilivyodhani."

Bwana Namkoma akaanza kutabasamu.

"Sasa chungulia hapa mbele, mama."

Nilichungulia. Nyuma ya gurudumu la mbele kulikuwa na rejeta, kama ya gari. Pikipiki tulizozizoea injini zake zilipozwa na upepo, zina mapezi ya chuma ubavuni na basi. Hii ilipozwa na maji.

"Inavuja?" nikauliza.

"Haivuji," akadakia Bwana Namkoma. "Inatoa jasho."

Fundi Dadi alicheka hadi akashika mbao za meza. "Utakwenda nayo wapi, mama?"

"Newala."

"Juu?"

"Juu, na Chilangala."

"Basi mimi naishia hapa. Ijaribu. Wewe na hii pikipiki mtaongea njiani."

Tulikubaliana niijaribu hadi Jumatatu. Baiskeli yangu ikabaki kwa Bwana Namkoma kama rehani. Kwa kuwa nilikuwa nimechukua mfuko wa salfa wa shamba la Mama Asumini, niliufunga kwenye kile kiti cha nyuma kilichonyanyuka, nikaondoka nikijiona malkia.

Njiani, mbele ya kijiji cha Chiungutwa, nilianza kusikia harufu ya viberiti. Kwanza kiberiti kimoja, halafu kama vimewashwa vyote vya dukani. Nilikohoa, macho yakanitoka machozi, nikasimama kando ya watu waliokuwa wakipakia mihogo. Mfuko ulikuwa umepata tundu, na salfa ilikuwa ikidondoka polepole moja kwa moja juu ya bomba la moshi lenye moto. Kuna moshi wa bluu ulikuwa unatoka mkiani. Mzee mmoja alirudi hatua kadhaa.

"Mama! Shetani amekupakia, au wewe ndiye umempakia?"

"Ni dawa ya mikorosho, baba. Shikamoo."

"Marahaba, lakini semea huko huko."

Nikauhamishia mfuko mapajani, juu ya tangi, nikaendelea. Kumbukeni hilo: kabla hujanunua pikipiki tazama moshi unatokea wapi na mzigo utakaa wapi, kwa sababu waliotengeneza pikipiki za mbio hawakumfikiria mtu mwenye salfa.

Kwenye kupanda ukingo wa uwanda ndipo tulipoanza kuongea, mimi na yeye. Rejeta inataka upepo, na upepo unaupata ukienda mbio. Kwenye mchanga na makorongo hakuna wa kwenda mbio. Nilikuwa gia ya kwanza, miguu inaparaza chini, matairi mapana na laini yanateleza kama sabuni. Mshale wa joto ukaanza kupanda pamoja nami. Nilisimama mara kadhaa ipoe. Nilipoingia uani kwangu Newala, nimeinama juu ya usukani ule wa chini, mvuke unatoka mbele, Baba Sijali alikuwa ameketi kibarazani na daftari za wanafunzi.

"Mama Sijali," akasema, "unaendesha au unasujudu?"

Kesho yake alfajiri nikaondoka kwenda Chilangala. Hapa lazima niitendee haki ile mashine: ilinifikisha. Nilifika giza ndiyo kwanza linaachia, na nilipogusa ua la mkorosho vidole vilirudi vimelowa. Kwa mara ya kwanza msimu ule nilikuwa nimeuwahi umande. Nilitaka kupiga kelele. Nilijua hapo hapo kwamba kata ni yangu.

Ila mshale ulikuwa umefika kwenye nyekundu, na rejeta ilikuwa inakoroma kama chungu cha maharage. Ilihitaji maji.

Ambaye hajakaa uwanda wa Makonde hawezi kuelewa sentensi hiyo ilivyo nzito. Kule juu mvua inazama mchangani, hakuna mto wala kisima cha karibu. Mabomba yalikuwepo, maji yalikuja yalipotaka. Wenye uwezo walichimba tangi la saruji uani kukinga mvua, na wakati wa kiangazi, ambao ndio wakati wa maua, lilikuwa limeshafika chini. Wengine walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Na mgeni akiomba maji huko hanyimwi, wala haambiwi kwamba yamekwisha au yanakaribia kwisha. Anapewa kwa mikono miwili, na mwenye nyumba ananyamaza.

Mama Asumini alikuwa ndiyo anatua ndoo, yeye na jirani yake.

"Karibu, Bibi Shamba. Umewahi!"

"Nimewahi, Mama Asumini. Naomba maji kidogo, pikipiki yangu ina joto."

Akaniletea bakuli. Nikamimina. Nikaomba jingine. Baada ya bakuli kadhaa akaona anajisumbua, akaisogeza ndoo yenyewe. Pikipiki ilikunywa, ikakoroma, ikakunywa tena, na chini ya rejeta lile jasho la Bwana Namkoma likatengeneza kidimbwi mchangani. Kuku wakaja mbio.

"Huyu mgeni wako," jirani akasema taratibu, "ana kiu kuliko ng'ombe."

"Ametoka mbali," Mama Asumini akamtetea.

"Na kesho anakuja tena?"

"Kesho, na kesho kutwa," nikasema, "mpaka maua yaishe."

Walitazamana. Hakuna aliyesema neno. Mama Asumini akachukua ile ndoo, akaiinamisha kuona kilichobaki, akaiweka chini kwa heshima kabisa, akaniambia twende shambani umande usije ukakauka.

Tulipuliza shamba lote. Njia nzima ya kutembea na ile pampu mgongoni sikuwaza ubwiriunga, niliwaza ule ukimya. Kama wangelalamika tungecheka, tungepatana. Lakini hawangelalamika. Ningekuja kila alfajiri, wangenipa kila alfajiri, na Asumini, mwanawe mdogo, angepikiwa uji mwembamba ili pikipiki yangu ipoe. Hakuna mtu Chilangala ambaye angeniambia basi. Neno hilo ilibidi nijiambie mwenyewe. Na nikijiambia, ninapoteza kata.

Tulipomaliza tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, sote nyuso za njano. Nikamweleza yote: agizo la Afisa Kilimo, kitalu, pikipiki, na kwamba siwezi kuinunua.

Mama Asumini alisikiliza huku akijifuta salfa kwa ncha ya kanga. Kisha akacheka.

"Bibi Shamba, wewe kila siku unatoka Newala unaukimbilia umande. Umande wenyewe hauendi popote. Unalala hapa hapa. Wewe unashindwa nini kulala?"

"Kulala wapi?"

"Chumba cha binti yangu mkubwa kipo, ameolewa Masasi. Kitanda kipo. Godoro njoo nalo, lile lake limeliwa na panya."

Mtaniuliza kwa nini sikulifikiria mwenyewe. Nilikuwa nimesikia neno kufika, na miaka ile, vitu vipya vikimiminika kila duka, mtu akisikia kufika anawaza magurudumu. Nilikubali, kwa sharti moja: nishuke bondeni na wanawake wenzangu, zamu yangu kama wao. Alipinga sana, mimi mgeni. Nikamwambia basi silali. Akakubali.

Nyumbani, Baba Sijali alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo umehamia Chilangala."

"Msimu wa maua tu. Jumamosi narudi."

"Na nani atapika?"

"Wewe si unafundisha sayansi kimu?"

"Nafundisha nadharia," akasema. Lakini alipika, na Sijali alinenepa.

Jumatatu niliirudisha pikipiki. Kushuka ni rahisi, upepo unaijaza rejeta, mshale umetulia. Karibu na Masasi kulikuwa na kipande cha barabara kilichonyooka na kushindiliwa vizuri. Nikatazama mbele, hakuna mtu wala mbuzi, nikavuta mafuta mpaka mwisho. Mungu wangu. Sijapata kuendesha kitu kama kile. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya kofia.

"Umeipenda?" Bwana Namkoma akauliza.

"Sana."

"Basi tuandikishane."

"Mimi nimeipenda. Newala ndiyo haikuipenda."

Akanirudishia baiskeli yangu, ikiwa imetiwa upepo. Sikuwa na ugomvi naye hata kidogo.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi moja, Afisa Kilimo wa Wilaya alitokea Chilangala bila taarifa, kwa gari la kuazima. Jua lilikuwa juu, umande umekwisha. Alinikuta mimi, Mama Asumini na majirani watatu waliokuja kutazama, sote tukioshana nyuso kwa kikombe kimoja cha maji.

"Umefikaje huku?" akauliza.

"Kwa miguu, mzee. Nimetoka pale." Nikamwonyesha mlango wa chumba.

Aliuangalia mlango, akaangalia maua safi yasiyo na ukungu juu ya vichwa vyetu, akavua miwani. Tukajua kuna jambo. Aliifuta mpaka ikang'aa.

"Mimi nimechelewa kufika," akasema. "Wewe baki na kata yako."

Mikorosho ya Mama Asumini ilizaa mwaka ule mpaka shemeji yake alikuja kuazima msumeno. Aliazimwa, baada ya kusubirishwa kidogo na kupewa chai. Msimu uliofuata misumeno ya Chilangala haikutosha, na vitanda vya kunikaribisha vilizidi mahitaji.

Baadaye mradi mmoja ulitupa pikipiki za kawaida, injini ya kupozwa na upepo, na keria nyuma. Niliitumia hadi rangi yake ikasahaulika. Nilirudishwa Masasi kuwa msimamizi wa maafisa ugani, nikasimamia vijana wengi, na siku nilipostaafu walinipa mche wa mkorosho uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti bora, nikaupanda hapa Newala tunapoishi mimi na Baba Sijali. Anapika bado.

Vijana huja kuniuliza mambo ya kazi, na mara nyingi huja na swali la chombo. Huwa nawaambia wasianze na bei wala rangi. Waanze na njia watakayopita, mzigo watakaobeba, na nani atakayekilisha na kukinywesha. Chombo rahisi kununua kinaweza kikamgharimu mtu mwingine kabisa, tena aliye kimya.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja, Tumaini, amemaliza chuo cha kilimo. Alikuwa na picha kwenye simu: pikipiki ya mbio, ya zamani, ya bluu, bei poa. Nilimsimulia haya yote mnayosoma, taratibu, chai ikapoa. Mwisho akashusha simu kwa huzuni.

"Kwa hiyo mama, nisinunue."

"Sijasema hivyo. Umepangiwa wapi?"

"Mtwara mjini. Maabara ya udongo."

"Lami mpaka mlangoni?"

"Mpaka mlangoni, mama."

"Maji?"

"Bombani, yanatoka."

"Mzigo?"

"Mkoba wangu tu."

Nikamrudishia simu yake mkononi. "Basi mpigie huyo mtu kabla hajauza. Na Jumapili ya kwanza uje nayo mpaka lami inapoishia, mimi nitakuwa nimeshafika hapo nakusubiri. Kofia njoo nazo mbili."